Kununua asali Tabora: pa kuanzia, pa kuishia, na hesabu ya uwezekano inayokusaidia kuchagua

Ukitaka asali safi Tabora, swali la kwanza si "nitaipimaje?" Swali ni "inatoka kwa nani?" Ndivyo ninavyomjibu kila ndugu anayepiga simu akitaka kidumu cha kupeleka Dar es Salaam au Mwanza, na hapa nitaonyesha kwa hesabu ni kwa nini. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Anayejua asilimia ataifuata yote.

Mwenye haraka aondoke na mpangilio wangu. Wa kwanza ni kikundi au ushirika wa wafugaji nyuki wenye mahali pao pa kuchuja na kufungasha. Wa pili ni mfugaji mwenyewe. La tatu ni duka lenye asali ya lebo na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Wa nne ni muuzaji mwenye meza ya kudumu sokoni. Ya mwisho ni chupa ya stendi au stesheni, ile inayonunuliwa huku basi linaunguruma.

Glasi ya maji inasema nini hasa

Asali ya huku ni ya misitu ya miombo. Watu wa Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui wanaifuata porini kwenye mizinga ya magome na ya magogo, na siku hizi mizinga ya kisasa nayo imeongezeka. Asali hii ina jina, na penye jina wachakachuaji hawakosekani. Anachemsha sukari mpaka iwe nzito, anachanganya na asali kidogo ili harufu ibaki, anajaza chupa.

Kila mnunuzi naye ana kipimo chake. Kuna anayedondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama bila kutawanyika. Kuna anayechovya njiti ya kiberiti kisha anaiwasha, na kuna anayepaka kwenye karatasi aone kama italowa. Wengine wanatazama kama sisimizi wanakuja. Hao tuwaache kabisa, wanakula asali na wanakula sukari. Lakini maji, njiti na karatasi vina jambo moja linalovifunga pamoja: vyote vinapima maji yaliyomo, yaani uzito na ulaini wa asali. Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inataka maji yasizidi asilimia 20. Asali safi iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta inaweza kuvuka hapo, ikaonekana mbaya kwenye glasi. Na sukari iliyochemshwa ikakolea inazama vizuri tu.

Kwa hiyo kipimo kinakosea pande zote mbili. Swali ni kinakosea kiasi gani, na hapo ndipo uwezekano wenye sharti unapoingia: si uwezekano wa asali kuwa safi kwa jumla, bali uwezekano wa kuwa safi *ikiwa tayari imefaulu glasi*.

Chukua chupa 100 za stendi. Namba zangu ni za mfano, weka zako ukiwa na uzoefu mwingine. Tuseme 60 ni safi na 40 zimechakachuliwa. Tuseme pia katika kila chupa 10 safi, 9 zinafaulu glasi ya maji, na katika kila 10 zilizochakachuliwa, 5 nazo zinafaulu. Zitakazofaulu ni 54 kutoka upande wa safi na 20 kutoka upande wa pili, jumla 74. Gawanya 54 kwa 74, unapata karibu asilimia 73. Umetoka 60 ukafika 73. Si bure, lakini chupa moja kati ya nne hivi inayokupendeza kwenye glasi bado ina sukari.

Sasa peleka glasi ileile kwa kikundi unachokiamini, ambako tuseme chupa 190 kati ya 200 ni safi. Zitakazofeli ni 19 kutoka kwenye zile 190, na 5 kutoka kwenye zile 10 mbaya. Yaani chupa 24 zimefeli, na 19 kati yake ni asali safi! Mtu asiyejua hesabu hii atamwita mfugaji mwizi mbele za watu kwa sababu ya glasi ya maji, na mara nyingi atakuwa amemwonea. Kilichofeli pale si uaminifu wa mtu. Ni asali iliyorinwa mapema kidogo.

Kwa wanaopenda kujua asili ya mambo, hesabu ya namna hii inabeba jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Andiko lake lilichapishwa 1763, yeye akiwa ameshazikwa.

Kipimo ninachokiheshimu zaidi kidogo ni mizani. Pima chupa tupu, ijaze maji mpaka alama fulani, pima tena. Ikaushe vizuri, ijaze asali mpaka alama ileile, pima. Toa uzito wa chupa kote kuwili, kisha gawanya asali kwa maji. Asali nzuri inakaribia 1.4. Sukari iliyochemshwa nyumbani kwa kawaida inabaki chini, kwenye 1.3 na kitu. Tuseme katika zile 74 zilizofaulu glasi, mizani inapitisha 51 kati ya 54 safi na 6 kati ya 20 mbaya. Sasa una 51 katika 57, karibu asilimia 89. Umepima mara mbili, umeazima mizani ya muuza nyama, na bado hujafika ile 95 ambayo mteja wa kikundi anaanza nayo kabla hajafungua kizibo.

Na usidhani ukiongeza njiti na karatasi utazidi kupanda. Vipimo vinavyoangalia kitu kimoja hufaulu pamoja na hufeli pamoja, kwa hiyo huwezi kuvizidisha kana kwamba kila kimoja kinasimama peke yake. Sukari ya kawaida ikipita kiasi, maabara ndiyo inayoweza kukuambia; Codex inataka isizidi gramu 5 katika gramu 100 kwa asali nyingi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Watu wanatupa asali kwa sababu imeganda, eti ni sukari. Jiulize maswali mawili: asali safi huganda? Ndiyo, glukosi yake ndiyo inayojitenga ikawa chembe, mapema au baadaye kutegemea maua na baridi. Iliyotiwa sukari nayo huganda? Ndiyo. Basi dalili inayoonekana pande zote mbili haikusogezi popote. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itayeyuka.

1. Kikundi au ushirika wenye kituo chake

Hapa hununui asali tu, unanunua kumbukumbu. Uliza ndoo imetoka kijiji gani na imerinwa lini. Kikundi kilichojipanga kina daftari, na wengine wana refraktomita ya kupimia maji. Omba waiweke tone mbele yako, hawatakasirika. Kama ni mgeni na hujui pa kuanzia, mji una Chuo cha Ufugaji Nyuki, na halmashauri zina maofisa nyuki. Waulize vikundi vilivyo karibu.

Najua kinachowazuia watu ni bei. Tufanye lita ya stendi ni shilingi 8,000 na ya kikundi ni 12,000. Ikiwa stendi unapata safi mara 60 katika 100, kila lita safi imekugharimu 8,000 gawanya kwa 0.6, yaani kama 13,333. Kwa kikundi ni 12,000 gawanya kwa 0.95, kama 12,632. Hapo sijahesabu aibu ya kumpelekea mkwe chupa ya sukari.

Ukinunua nyingi, nunua kwa hatua. Chukua nusu lita kutoka kwenye dumu unalolitaka, ipime, ikae usiku mmoja, kisha rudi uchukue dumu lilelile. Chupa zilizotoka dumu moja zina hatima moja: ya kwanza ikiwa safi, zilizobaki ni safi. Ila liwe dumu lilelile kweli. Weka alama kwenye mfuniko kwa kalamu, na umwambie muuzaji unafanya hivyo kwa heri.

Angalia pia kama wanauza kwa kilo au kwa lita. Lita ya asali ni kama kilo 1.4, kwa hiyo 12,000 kwa kilo ni 16,800 kwa lita. Nimeona watu wakilinganisha bei mbili hizo kana kwamba ni kitu kimoja, wakaondoka wakilaumu muuzaji wa kilo.

2. Mfugaji mwenyewe

Kwa usafi wa asali kutotiwa kitu, huyu hana mpinzani, hasa ukimjua au ukapelekwa na mtu anayemjua. Nimemweka wa pili kwa sababu nyingine: asali yake inaweza kuwa na moshi mwingi, vipande vya masega, au maji kupita kiasi kwa kuwa aliwahi kurina. Yenye maji mengi huchacha. Utaona povu juu na kidumu kinafura. Enda baada ya mvua kuisha, kiangazi kikiingia, wakati wa kurina. Asali ikiwa nyingi na bei ikiwa chini, kishawishi cha kuchanganya sukari nacho kinapungua, kwa hiyo ule uwezekano wako wa mwanzo unapanda bila wewe kufanya lolote.

3. Duka lenye lebo

Fupi tu: tafuta alama ya TBS, tarehe, uzito na jina la mfungashaji. Jina ni kitu cha kumshika mtu nacho. Bei huwa juu.

4. Meza ya kudumu sokoni

Wengi wa hawa ni waaminifu, na kazi yako ni kumjua yupi. Msalimie kwanza, kisha uliza: "Mama, nikikuta ina sukari naweza kuirudisha?" Mmoja atakujibu, "Rudisha hata ikiwa nusu, mwanangu, mimi nipo hapa kila siku." Mwingine atacheka, aanze kukuonyesha jinsi inavyovutika kwenye kijiko.

Jibu hilo lina thamani ya hesabu. Tuseme kwenye meza hizi 70 kati ya 100 wana asali safi. Tuseme 8 kati ya 10 wenye asali safi watakubali urudishe, na 3 kati ya 10 wa upande wa pili watakubali pia kwa kujikaza. Waliokubali ni 56 na 9, jumla 65. Gawanya 56 kwa 65: asilimia 86. Glasi ya maji kwenye meza hizohizo ingekupa 63 katika 78, yaani 81. Swali la adabu limeishinda glasi, na hukumwaga tone.

Ukionja, usionje kutoka chupa ya kuonjea kisha ukapewa nyingine. Chupa ya kuonjea imechaguliwa na muuzaji, haikuambii kitu kuhusu zilizopangwa nyuma. Nyoosha mkono uchague mwenyewe, ikiwezekana ya mstari wa nyuma, na uombe kuonja hiyo.

5. Stendi na stesheni

Nimeiweka mwisho si kwa sababu vijana wa pale ni wabaya. Ni kwa sababu hamtaonana tena, hakuna wa kurudishiwa, na dakika za kuuliza hazipo. Tabora ni njia panda ya reli, treni za kwenda Mwanza na Kigoma zinaachana hapa, na abiria wengi hii ndiyo nafasi yao pekee.

Kama ni lazima ununue tatu pale, amua kwanza unazitaka za nini. Tubaki na ile 60 katika 100. Ukichukua tatu kwa wauzaji watatu waliojaza kwenye madumu tofauti, uwezekano wa zote kuwa safi ni 0.6 mara 0.6 mara 0.6, karibu asilimia 22 tu. Lakini uwezekano wa kupata angalau moja safi ni 1 kutoa 0.4 mara 0.4 mara 0.4, karibu asilimia 94. Ukichukua zote tatu kwa kijana mmoja aliyejaza kwenye dumu moja, zote ni safi kwa asilimia 60, au zote ni mbaya kwa 40.

Basi kama unataka asali ya chai nyumbani na moja nzuri inakutosha, gawanya kwa wauzaji watatu. Kama ni zawadi kwa watu watatu na hutaki hata mmoja apate sukari, nunua zote kwa mmoja, na umuulize kabla hujampa hela kama zimetoka dumu moja. Na mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja nyumbani asimwonjeshe kabisa, hata iliyo safi kuliko zote: asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu ya bakteria) ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.