Kadi ya Wi-Fi ya kugeuza kompyuta kuwa ruta: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wengi huingia dukani wakiulizia kadi ya Wi-Fi "yenye spidi", na muuzaji huwapa ile yenye namba kubwa kwenye boksi. Kwa kompyuta itakayopokea intaneti kwa waya au modemu kisha kuirushia nyumba nzima, cha kuulizia kwanza ni chipu iliyomo ndani. Karibu kila kadi inajua kupokea Wi-Fi; zinazoirusha vizuri ni chache.

Anza na uliyo nayo. Kwenye Linux, fungua dirisha la amri (terminal), andika iw list na utafute AP (access point, yaani kurusha Wi-Fi) katika modi zinazokubalika. Windows 10 na 11 zina Mobile hotspot kwenye mipangilio, ila mwisho wake ni vifaa 8: chumba na sebule inatosha, nyumba yenye TV, laptopu na wageni wa wikendi haitoshi. Kuanzia hapa nazungumzia Linux, ambako programu ya hostapd ndiyo hurusha.

Ya kwanza kwangu ni chipu ya MediaTek MT7612U, iliyomo kwenye Alfa AWUS036ACM. Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, imo ndani ya Linux tangu toleo 4.19 la 2018, kwa hiyo unachomeka tu. Inarusha kwa GHz 2.4 au 5, unachagua moja. Kama unaishi ghorofani, hiyo 5 ndiyo unayoilipia: kwenye 2.4 chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na majirani wameshazijaza. Ukibaki kwenye 2.4, tumia waya wa kurefusha USB ili kadi ikae mbali kidogo na kompyuta, maana USB 3.0 yenyewe hutoa kelele inayovuruga masafa hayo.

Kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCIe (tundu la kuchomekea kadi ndani ya kompyuta)? Tafuta TP-Link TL-WDN4800, ya mtumba si vibaya. Chipu yake ni Atheros AR9380, na draiva ya ath9k ni ya zamani na imetulia.

Ya tatu ina mtego. TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ina Atheros AR9271, inarusha bila shida ingawa ni 2.4 pekee na vifaa vichache. Kuanzia toleo la pili, jina ni lilelile na sura ni ileile, ila ndani wameweka chipu ya Realtek, ambayo shida yake naieleza chini. Geuza kifaa usome toleo mgongoni, wala usikubali "zote ni moja tu, bosi".

Intel AX200 na AX210 ni nzuri sana kwa kupokea. Kurusha kwa 2.4 zinakubali, kwa 5 kwa kawaida zinagoma. Kama imo tayari kwenye laptopu itumie. Usiinunue kwa kazi hii.

Mwisho kabisa naweka vikadi vya USB vidogo kama ukucha, vingi vyao Realtek. Bei inavutia, lakini kwa miaka mingi draiva zake zilikuwa za kutafuta mtandaoni na kujijengea mwenyewe, na kila Linux ikisasishwa unaweza kuanza upya. Matoleo mapya yamepunguza adha hiyo kwa baadhi ya chipu. Mimi bado sitoi hela.

Halafu kuna umeme. Kompyuta ya mezani inayokula wati 60 usiku na mchana humaliza uniti 43 hivi kwa mwezi. Ruta ya wati 6 haifiki 5. Kwa hiyo kama kompyuta hiyo haiwaki muda wote kwa kazi nyingine, mfano kuhifadhi mafaili ya familia au kurekodi kamera za getini, nunua ruta.