Waya za spika na HDMI ndani ya ukuta wa mawe, Lamu: uzoefu wangu

Kama nyumba yako ni ya mawe na chokaa, usikubali fundi akuwekee waya ukutani bila paipu. Nyumbani kwetu kazi hii imefanywa mara mbili, na ninataka kumsifu fundi wa pili.

Tunakaa mtaa wa Mkomani, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale, kwenye nyumba ya wazee yenye kuta za unene wa karibu nusu mita. Msana wa juu, yaani ukumbi wa kukaa, ni mrefu na mwembamba kama misana yote ya Lamu, kwa kuwa upana hufuata urefu wa boriti. TV tuliitundika ukuta wa mwisho. Amplifaya na dikoda zikakaa kabatini upande wa pili, kama mita 8. Darini hamna njia, maana boriti zimelala kwa upana na ungelazimika kutoboa kila moja. Ikabaki ukutani.

Fundi wa kwanza alikuja na grenda. Vumbi jeupe lilijaa mpaka ndani ya zidaka, vile vishubaka vya plasta vya ukutani. Alilaza waya za spika na kebo ya HDMI (ile inayopeleka picha na sauti kwenye TV) ya mita 10 mtaroni, akaziba kwa saruji, akaenda zake. Tangu siku ile, tukiweka picha ya 4K, ile kali zaidi, ilikuwa inazima na kurudi. Tukishusha hadi 1080, ya ukali wa chini, inatulia. Kebo ya HDMI ya shaba ikishapita mita 5 au 7 haiaminiki tena kwa 4K. Kuibadilisha ni jambo dogo, ila yetu ilikuwa imezikwa. Masika yalipokwisha, kingo za ile saruji zikatoa chumvi nyeupe na plasta ya kale ya pembeni ikaanza kubanduka vipande vipande. Iliniuma sana, kwa sababu ukuta ule haukuwahi kubanduka tangu nizaliwe. Chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huuzuia, nao hutokea pembeni pamoja na chumvi yake.

Fundi wa pili ni mzee ambaye jirani alituelekeza kwake. Hakutoa chombo hata kimoja. Aliugonga ukuta kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, ameinamisha sikio, akitia alama ya mkaa kila penye sauti ya uwazi.

"Mwanangu, waya zitakufa, nyumba itabaki," akaniambia. "Mimi nitakuwekea paipu. Waya utabadilisha mwenyewe."

"Na zidaka, ami?"

"Zidaka hatuzigusi."

Aliitoa saruji yote kwa tindo na nyundo ndogo, akifuata mtaro uleule asiongeze jeraha jipya. Akalaza paipu mbili za PVC: ya mm 32 kwa ajili ya HDMI, kwa kuwa kichwa chake kina upana wa karibu sentimita 2 na hukwama kwenye paipu nyembamba, na ya mm 20 kwa waya za spika. Kona alizifanya pana. Ndani ya kila paipu aliacha kamba ya nailoni, na midomo akaiziba kwa matambara ili chokaa isiingie. Waya wa umeme uliokuwa karibu aliukaa mbali kwa sentimita 30, na pale ambapo hapakuwa na budi kuupita, paipu ziliukata kama msalaba.

Waya za spika nilikuwa nimeshanunua. Alichukua uzi mmoja, akaukwaruza kwa kisu, akanionyesha: juu mwekundu, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya kuliko shaba ya unene uleule, na kwa upepo wetu wa bahari huoza haraka kwenye maungio. Niliirudisha dukani siku hiyohiyo, nikachukua shaba tupu ya mm² 2.5. Tangu hapo nina kisu kidogo mfukoni kila nikienda kununua waya.

Kebo mpya ya HDMI ni ya mita 15, ya nyuzi za mwanga. Hii ina kichwa cha kuingia kwenye dikoda na kichwa cha kuingia kwenye TV, na ukizigeuza hupati picha. Mzee aliitandaza kwanza juu ya mkeka, akaichomeka pande zote mbili, tukaangalia mpira nusu saa nzima. Ndipo alipokifunga kichwa kwa tepu na kuivuta kwa kamba, polepole, mimi nikisukuma upande wa pili. Alifunga kamba nyingine nyuma yake, ikabaki ndani.

Kuziba ndiko kulikochukua muda. Aliulowesha ukuta, akapaka chokaa na mchanga tabaka moja, akasubiri ishike, akarudi kesho yake kwa la pili, kisha la tatu. Kwa mwenye haraka, hilo ni la kuvumilia. Alinitoza shilingi 9,000, vifaa mbali, na kwangu ni bei ya haki.

Sasa 4K haijazima hata mara moja, na baba anasikia kila neno la taarabu akiwa mwisho wa msana. Nisichokipenda ni vifuniko vya plastiki vyeupe pale waya zinapotokea, havifanani na nyumba. Nimeshampa seremala vipimo, atanichongea vya mbao.