Worldview ya NASA kwa anayefuatilia moshi wa moto wa misitu: nyota nne, na ile ya tano imepotelea angani

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo, nne kati ya tano. Worldview ni tovuti ya ramani ya NASA, shirika la anga la Marekani, ni ya bure, unaifungua kwenye brauza basi, hakuna kujisajili, na picha za setilaiti zinaingia humo saa chache tu baada ya setilaiti kupita. Kumbukumbu za nyuma zinaenda mpaka mwaka 2000, kwa hiyo kama una ugonjwa kama wangu wa kuchimba mambo ya zamani utakesha.

Nilifikaje huku? Nilikuwa na app moja ya simu ya kulipia, jina naliacha, yenyewe ikiona moshi umepita kwenye ramani inapaka kila kitu rangi nyekundu na kukwambia ufunge madirisha, nikafunga siku mbili nzima nikitokwa jasho humo ndani kama nimewekwa kwenye tanuri, kumbe moshi wenyewe ulikuwa juu kupita zinakopita ndege za abiria, huku chini hewa safi kabisa, jua tu ndo lilikuwa limepauka. Setilaiti inayotazama chini inajumlisha moshi wote kuanzia angani hadi ardhini kama mtu anayeangalia sufuria kwa juu, anaona rangi ya mchuzi lakini hajui kina chake. Tangu siku hiyo kila nikiona moshi swali langu ni moja tu, uko kimo gani? Na hilo ndo nimelitumia kuipima hii Worldview.

Jaribio nililolifanya ni la Agosti 2017, British Columbia huko Kanada, nililichagua kwa sababu jibu lake linajulikana tayari. Tarehe 12 jioni moto wa misitu ulikuwa mkali kiasi cha kutengeneza mawingu yake wenyewe ya radi, wataalamu wanayaita pairokumulonimbasi, yaani joto la moto linasukuma hewa juu kwa nguvu, mvuke unapoa unakuwa wingu, wingu linaendelea kupanda likiwa limebeba moshi tumboni mpaka linapiga dari la tabaka tunaloishi na kuutapika moshi ndani ya stratosfia, yaani tabaka la hewa linalofuata juu yake. Matano ya namna hiyo kwa mpigo. Ukifungua picha ya kawaida ya rangi ya siku zinazofuata unaliona doa la kahawia-kijivu linasogea kaskazini mwa Kanada, na hapa kuna kitu nakipenda sana, zoom taratibu utaona moshi umetanda JUU ya mawingu meupe, sio katikati yake. Dalili ya kwanza hiyo.

Ya pili ndo tamu zaidi. Kuna leya (tabaka la picha unaloliwasha juu ya ramani) ya fahirisi ya erosoli, yaani namba inayoonyesha chembe ndogo zinazoelea hewani kama moshi na vumbi, kutoka kwenye chombo kinachoitwa OMPS kilichopo kwenye setilaiti ya Suomi NPP. Hii inatumia mwanga wa ultravioleti. Hewa yenyewe hata ikiwa safi inatawanya huo mwanga na kuurudisha juu, sasa moshi mweusi ukikaa juu ya hewa hiyo unaunyonya ule mng'ao unaotoka chini yake, na kadiri moshi ulivyo juu ndivyo hewa ya chini yake inavyokuwa nyingi na namba inavyoruka. Kwa hiyo fahirisi hii haitoi kimo lakini inakipigia mluzi. Halafu mawingu na theluji haviisumbui sana, hata moshi ukiwa juu ya barafu unauona. Kosa langu la mwanzo, na nimeona wengi wanalifanya, ni kutumia leya ya kawaida ambayo rangi zake zinaishia kwenye 5, kila kitu kikawa chekundu nikadhani brauza imeharibika. Wameweka leya nyingine pembeni mahsusi kwa moshi wa haya mawingu ya moto, yenyewe inaenda mpaka 50. Washa hiyo. Katikati ya Agosti 2017 namba zilikaribia 50 kweli, wakati rekodi ya kabla yake, ya moto wa Australia wa 2006, ilikuwa chini ya hapo kwa mbali. Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza kidogo.

Ukibonyeza kitufe cha video ukaweka tarehe 12 hadi 25 unautazama ule moshi unavyovuka Atlantiki hadi Ulaya kwa siku kama kumi hivi. Pale Leipzig, Ujerumani, vyombo vya lida vya ardhini (vinapiga leza angani kupima kimo) viliukuta tarehe 21 na 22 ukiwa stratosfia juu ya vichwa vyao. Na haukukaa hapo ulipotupwa, uliendelea kupanda wenyewe, kutoka kilomita 12 hivi mpaka 23 ndani ya miezi miwili, kwa sababu masizi meusi yanapigwa jua yanapata joto yanapasha hewa inayoyazunguka nayo inaelea kama puto. Miezi minane baadaye mabaki yake yalikuwa bado yanaonekana.

Sasa nyota ya tano. Hiyo habari ya kilomita 12 na 23 huipati kwenye Worldview hata ukiikodolea macho mpaka asubuhi. Yenyewe ni ramani, inakupa wapi na lini, juu kiasi gani hapana, ila tu kwa kubahatisha kwa dalili kama nilivyoeleza. Wa kutoa kimo alikuwa CALIPSO, setilaiti ya Marekani na Ufaransa, ilirushwa 2006 ikiwa na lida, yaani inapiga leza chini na kusikiliza mwangwi wa mwanga, ukipata picha yake ni kama mtu amekata anga kwa kisu akakuonyesha matabaka, moshi huu hapa, wingu lile pale. Ilisimamishwa Agosti 2023, mwaka uleule Kanada iliungua zaidi ya hekta milioni 15, jamani bahati mbaya gani hiyo. Siku hizi kuna setilaiti ya EarthCARE ya Ulaya na Japani iliyorushwa Mei 2024, nayo ina lida, ila data zake unazifuata kwenye milango mingine na sio za mtu wa kubofya-bofya. Na hata lida ina kasoro yake, inakata uzi mwembamba tu chini ya njia yake, moshi ukiwa pembeni umekosa.

OMPS ileile ina jicho la pili linalotazama ukingo wa dunia kwa ubavu badala ya kuangalia chini, hilo linaona tabaka jembamba la moshi stratosfia hata likiwa limechakaa kiasi kwamba ukiangalia kwa juu huoni kitu. Ndo vyombo vya aina hii, pamoja na vingine, vilivyosaidia kwenye ule moshi wa Australia wa mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020. Huo sasa ni balaa jingine. Kipande kimoja cha moshi kilijikunja kikawa kinazunguka kama pia, upana wake kama kilomita 1,000, kikapanda mpaka kilomita 35 na kudumu miezi mitatu kikizunguka dunia. Kwenye Worldview unaona vizuri kabisa mwanzo wake, Desemba 31 na siku za kwanza za Januari juu ya Pasifiki, halafu wiki kadhaa baadaye unakipoteza, kimekuwa chembamba, wakati chenyewe bado kipo huko juu kinajizungusha.

Jingine la kujua kabla hujalaumu mtu. Setilaiti kama Suomi NPP inapita juu ya eneo mchana, saa saba na nusu hivi, na mawingu ya moto yanapenda kulipuka alasiri kuelekea jioni. Kwa hiyo picha ya leo inakuonyesha moto mtulivu, ya kesho inakuonyesha bonge la moshi, tukio lenyewe hujaliona. Dawa yake imo humohumo, ongeza leya za setilaiti za GOES au Himawari, hizi zimeganda juu ya sehemu moja na zinapiga picha kila dakika 10, chagua ya infraredi, inayoonyesha joto na baridi, utaona kichwa cha wingu kikitandaa kama fuawe na kuwa baridi chini ya nyuzi joto hasi 40 juu kabisa ya sehemu yenye nukta nyekundu za moto (nazo ni leya, inaonyesha palipo na moto). Ukiona hivo andika saa pembeni, hapo ndo moshi ulipopanda lifti.

Mengine madogomadogo: kila kitu ni Kingereza, leya zipo zaidi ya elfu na majina yake yanatisha, kwenye simu vidole vinateseka tumia laptopu. Kitufe cha kulinganisha siku mbili kwa kuvuta mstari katikati ni kizuri mno, watoto wanakipenda kuliko mimi. Kuwa makini na vumbi la Sahara, fahirisi ya erosoli inaliwasha vilevile kama moshi, mimi niliwahi kutangazia kundi zima la marafiki kwamba kuna moshi mkubwa baharini, kumbe vumbi, mpaka leo wananiita Bwana Vumbi. Siku hizi kabla sijasema neno naifuata njia nyuma siku kwa siku mpaka nikute nukta za moto pale ulipoanzia, nisipozikuta nafunga mdomo.

Nikipata siku moja kwenye dirisha hilohilo kitufe cha kukata anga kwa kisu kama alivyokuwa anafanya CALIPSO, narudi hapa kubadilisha nyota ziwe tano. Kwa sasa nne, na ile app ya kulipia nishaifuta.