Thunderbird kwenye kompyuta kuukuu: usikubali kupigiwa Windows upya kabla ya kusoma haya

Thunderbird, programu ya bure ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, naipa nyota nne kati ya tano. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi ya kutoa mizigo forodhani, tunaopokea nyaraka kwa barua pepe kutwa kucha kwenye kompyuta za nyumbani, bila mtu wa IT wa kumwita. Niko Tororo, na Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ni pua na mdomo. Mizigo inatoka Mombasa, wenye mizigo wengi wako Kampala, na mimi hapa katikati nataka karatasi zifike kabla ya lori.

Kila mara naulizwa mbona nisitumie Gmail kwenye simu kama watu wote. Ninaitumia, lakini siyo kwa kazi. Bando huisha. Tangu Julai 2021 bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, uliokuja kuchukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku tuliyokuwa tukilipa kuingia mitandao ya kijamii, na kufungua invoisi ileile kwenye simu mara nne kwa siku ni kujitakia hasara. Thunderbird, ukiiweka kwa POP, njia ya kuzishusha barua zikae kwako, kama nilivyoiweka mimi, huteremsha barua pamoja na viambatisho vyake mara moja tu, vikakaa kwenye diski yako. Mtandao ukilala, naandika namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba, na nyaraka zake zote zinajitokeza: invoisi, orodha ya mizigo, bili ya shehena. Dereva aliyekwama getini hana habari kama nina bando au sina.

Hayo tisa. Kumi ni kufunguka kwake. Ilifika mahali nabofya ile alama ya ndege wa buluu, naenda jikoni kuteleka chai, narudi nakuta dirisha jeupe tupu, juu limeandikwa "Not Responding". Dakika tatu na ushei kabla barua ya kwanza haijaonekana. Wakati huohuo programu ya kuandikia inafunguka vizuri, ya mahesabu inafunguka vizuri. Ni barua pepe tu.

Duka moja la Kampala nililopelekea CPU, yaani kasha la kompyuta, halikuiangalia hata nusu saa. Jibu lao: mashine imezeeka, tunapiga Windows upya, ikishindikana nunua nyingine, tunazo. Hakuna aliyeniuliza barua zangu zinakaa wapi. Ukifuta diski yenye Thunderbird ya POP, na kwenye seva barua zilishaondolewa, basi umefuta kila kitu, miaka yote, na hakuna pa kwenda kulalamika. Nikaibeba CPU yangu nikarudi nayo.

Aliyenisaidia ni kijana wa jirani yangu, anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibaraza cha duka la mama yake. Hakugusa kipanya. Aliinama akatazama uso wa CPU, pale kwenye taa ndogo nyekundu iliyo chini ya kitufe cha kuwashia.

"Mama Salma, ifungue hiyo barua pepe nione."

Nikabofya. Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Haikupepesa. Ndani diski inakereketa mfululizo.

"Hii siyo network," akasema. "Hii ni diski inasoma kitu kikubwa."

Nikamwambia, "Mwanangu, kila mtu ananiambia ni network." Huku kwetu network ndiyo mshtakiwa wa kila kosa. Akachomoa modemu kabisa, akazima Thunderbird, akaiwasha tena bila intaneti. Ilichukua muda uleule. Hicho ni kipimo cha bure na ningependa kila mtu aanze nacho: kama programu inafunguka haraka ukiwa umekata intaneti, tatizo ni laini au seva, na unaweza kwenda kwenye mipangilio ya akaunti ukaizuia isitafute barua mpya pale tu inapowaka. Kama hakuna tofauti, mwache mtu wa mtandao apumzike.

Cha pili alichofanya ni kushikilia kitufe cha Shift huku akiifungua. Hapo Thunderbird inauliza kama unataka iwake katika "Troubleshoot Mode", yaani bila nyongeza zozote ulizoipachika. Kwangu ilipunguza sekunde chache tu. Wapo ambao nyongeza moja ya kalenda ndiyo mchawi wao. Kwangu haikuwa hivyo.

Kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likaja lile dirisha linaloonyesha nani anatumia nini. Diski, asilimia 100. Na jina lililokuwa juu kabisa halikuwa Thunderbird. Ilikuwa antivairasi. Programu niliyoiweka kunilinda ndiyo iliyokuwa imekaa mlangoni inapekua kila kitu kabla ya kuniruhusu niingie.

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, na ndipo maduka mengi yasipofika. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %appdata%\Thunderbird\Profiles, ingia. Ndani kuna folda yenye jina la ovyoovyo la herufi na namba. Hiyo ndiyo Thunderbird yako. Programu yenyewe unaweza kuiteremsha tena wakati wowote. Folda hii huwezi. Ndani yake kuna folda ya Mail, au ImapMail kama unatumia IMAP, ile njia ya kuziacha barua kwenye seva, na humo utakuta faili inaitwa Inbox, haina mkia wowote wa nukta, na pembeni yake Inbox.msf, ndogo. Inbox yangu ilikuwa gigabaiti 3.6. Faili moja.

Thunderbird kwa kawaida huweka folda nzima ya barua kama faili moja ndefu ya maandishi, barua baada ya barua, mtindo wa zamani unaoitwa mbox. Ukifuta barua haiondoki. Inawekewa alama tu, kama deni lililolipwa kwenye daftari la duka: jina limekatwa kwa kalamu lakini ukurasa bado upo na daftari bado ni nene. Na viambatisho vimo humohumo, tena vimegeuzwa kuwa maandishi, jambo linalovinenepesha kwa kama theluthi moja. Skani ya megabaiti tatu inakula megabaiti nne na zaidi. Sasa chukua skani za bili za shehena za miaka, nyingine zimetumwa mara mbilimbili kwa sababu mtu amesahau muhuri, halafu kumbuka kwamba kila barua mpya ikiingia faili hiyo inabadilika, na antivairasi ikiona imebadilika inaianza upya kuanzia juu.

Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza kuikamua: kwenye menyu ya File kuna "Compact Folders", inayoiandika faili upya bila zile barua zilizofutwa. Kabla ya hapo nilinakili folda nzima ya Profiles kwenye diski ya nje, huku Thunderbird imefungwa, na nakusihi ufanye hivyo hata kama una haraka. Tena usiikamue wakati umeme unachezacheza. Kazi hiyo inaandika faili mpya kabla ya kuitupa ya zamani, kwa hiyo inataka nafasi ya kutosha kwenye diski na inataka kumaliza. Mimi nilingoja jioni, betri ya UPS imejaa, Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti, na nikawakataza watoto kupiga pasi. Inbox ikashuka hadi gigabaiti 1.4. Halafu nikahamisha barua za miaka ya nyuma kwenye folda zake, kila mwaka folda yake, nikakamua tena. Hilo la mwaka kwa mwaka ndilo linalodumu, kwa sababu faili za zamani hazibadiliki tena na hakuna anayezipekua kila asubuhi.

Sehemu ya pili ni kuiambia antivairasi isiguse folda ya Profiles. Najua wengine mtashtuka. Kiambatisho bado kinapekuliwa pale unapokifungua au kukihifadhi mahali pengine, kwa hiyo hujaacha mlango wazi. Watengenezaji wa Thunderbird wenyewe wanashauri hivyo, na sababu yao ni nzito kuliko yangu ya mwendo: antivairasi ikikuta barua moja chafu ndani ya ile faili moja, inaweza kuifungia faili nzima, na Inbox yote ikatoweka mbele ya macho yako. Kwenye mipangilio ya faragha na usalama kuna kisanduku cha kuruhusu antivairasi ipekue barua mojamoja zinapoingia, kabla hazijaunganishwa na nyingine. Kitie alama.

Kulikuwa na faili nyingine nene kwenye folda ileile, global-messages-db.sqlite. Hiyo ni faharasa ya utafutaji. Ukifunga Thunderbird ukaifuta, inajijenga upya yenyewe. Siku hiyo mashine itahema kidogo. Zile .msf nazo ni hivyohivyo, ukizifuta zinarudi, na folda moja ikileta ukorofi peke yake unaweza kubofya kulia, ukaingia kwenye sifa zake ukabonyeza "Repair Folder". Lakini jihadhari na macho yako: Inbox yenye .msf ni faharasa, Inbox isiyo na mkia ndiyo barua zako. Ukichanganya hapo, ile nakala ya diski ya nje ndiyo itakayokuokoa.

Baada ya hayo ilifunguka kwa kama nusu dakika, na ningeridhika. Kijana ndiye aliyenisukuma ninunue SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya gigabaiti 240, shilingi za Uganda laki moja na kidogo, akahamishia kila kitu kama kilivyokuwa kutoka kwenye diski ile ya kuzunguka. Sasa sekunde sita, saba. Kwa anayeuliza kama angeanza na SSD moja kwa moja: ungepona, ndiyo, lakini ungehamisha na uchafu wote, na gigabaiti 3.6 zingeendelea kuwa tano. Kuongeza RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, sikuhitaji. Nina gigabaiti nne na kwa barua pepe zinatosha, ilimradi usifungue kurasa thelathini za kivinjari pembeni.

Jambo moja ambalo sikulipenda kuligundua, nalo linahusu kila anayepeleka kompyuta dukani. Folda ya Profiles ina paswadi zako pia. Mtu akiinakili kwenye flash akaiweka kwenye mashine yake, anafungua Thunderbird akiwa wewe, barua za wateja wako na kila kitu. Kinga ipo, inaitwa Primary Password, unaiwasha kwenye mipangilio na itakuuliza neno hilo kila unapofungua. Inachelewesha kidogo na haifichi barua zilizokwisha kuteremka, paswadi tu. Nimeiwasha hata hivyo.

Sasa ile nyota ya tano. Programu hii ilitoka toleo la kwanza mwaka 2004, Mozilla wakapunguza nguvu waliyoiwekea mwaka 2012, na tangu 2020 iko chini ya MZLA, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation, inayoendeshwa zaidi kwa michango ya watumiaji. Haikudai hata shilingi, haikuwekei matangazo kwenye barua. Kwa hayo naiheshimu. Lakini mpaka leo mtindo wa faili moja ndiyo unaokuja nao mwanzoni, na inapochelewa haikwambii inachelewa kwa nini. Mstari mmoja tu wa maneno, kwamba inasoma Inbox ya gigabaiti kadhaa, ungetuokoa wengi na safari za Kampala. Nyota yangu naishikilia kwa hilo. Sura mpya ya 2023 sina ugomvi nayo, ila menyu imefichwa. Bonyeza Alt utaiona.

Kama unapokea barua tano kwa wiki, usijisumbue, simu inakutosha. Kama kazi yako ni karatasi, na unataka kuzishika mwenyewe, iweke. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025 na CPU yangu haina sifa za kupokea Windows 11, kwa hiyo kijana ananishawishi nihamie Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Amenionyesha kwenye mashine yake: alibandika nakala ya folda yangu ya Profiles mahali pake, akaifungua, barua zote zikawa pale, mpaka zile za mwaka jana zenye alama ya nyota. Halafu nikamsimamia mpaka akaifuta.