Lipu ya chokaa au ya saruji kwa nyumba ya mawe?

Masika ikikaribia, wenye nyumba za zamani Mji Mkongwe au Lamu huanza kuitafuta lipu ya kuzuia unyevu. Wengi hukimbilia saruji. Inakauka upesi, fundi wake yupo kila mtaa, na ukutani inaonekana ngumu kweli.

Tatizo ni kwamba kuta hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, vitu vinavyonyonya maji na kuyatoa tena. Lipu ya saruji huziba njia ya kutokea. Maji yaliyoingia kwa ufa juu ya paa, au yaliyopanda kutoka ardhini, hubaki ndani. Baada ya muda utaona rangi imevimba, ukiibonyeza inapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Hiyo bado nafuu. Balaa ni ncha za boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani: zinaoza kimyakimya huku nje pakionekana papya.

Chokaa huachia ukuta upumue. Lakini ina usumbufu wake, tusidanganyane: inakawia kushika, hupigwa kwa matabaka membamba, haitaki jua kali ikiwa mbichi, na kila baada ya miaka kadhaa lazima upake upya. Mafundi wanaoijua vizuri nao si wengi.

Nyumba ya matofali ya saruji, piga saruji tu. Ya mawe, mimi ningengoja fundi wa chokaa, na kwanza ningeziba paa.