Uzoefu wangu na baiskeli ya mlimani yenye shokapu ya nyuma: niliifuata milimita, nikaisahau bawaba

Mwezi Februari nilinunua kwa muuzaji wa mtumba wa Kariakoo baiskeli ya mlimani yenye shokapu mbele na nyuma, kwa shilingi 1,300,000, na tangu hapo nimeipanda karibu kila Jumamosi kutoka Tabata hadi vilima vya Pugu. Ni ya pili ya aina hiyo kwangu. Ile ya kwanza niliiuza baada ya miezi minne bila kuelewa ilichokuwa ikinisumbua, na ni kwa kuzilinganisha hizi mbili ndipo nilipofahamu mambo ambayo ningependa kila mnunuzi ayajue kabla hajatoa fedha yake.

Baiskeli ya kwanza ilikuwa na bawaba moja tu, yaani mkono ulioshika gurudumu la nyuma uliungana na fremu mahali pamoja, chini, karibu na ekseli ya pedali. Muuzaji aliisifia kwamba gurudumu lake lilikuwa na nafasi ya kupanda milimita 150, nami nikaamini kuwa milimita zikiwa nyingi ndipo starehe ilipo. Kwenye mwinuko wa kutoka Gongo la Mboto kuelekea Pugu, kila nilipokanyaga pedali sehemu ya nyuma ilizama, ikainuka, ikazama tena, na nguvu ya miguu yangu ikaishia kwenye shokapu.

Nilidhani springi ilikuwa laini mno, lakini kiini kilikuwa pale ilipowekwa bawaba. Mtu anapokanyaga ili kuongeza mwendo, uzito wake huelekea nyuma na kuibonyeza shokapu. Wakati huohuo mnyororo hukazika upande wa juu, na ikiwa bawaba iko mahali ambapo gurudumu likipanda huenda mbali zaidi na ekseli ya pedali, mnyororo uliokazika hukataa kuvutwa, na kwa kukataa huko huizuia shokapu isizame. Bawaba ikiwa chini mno, kinga hiyo hupungua. Ikiwa juu mno, mnyororo huvutwa kupita kiasi kila tairi linapogonga mzizi, na mpandaji huhisi pedali ikimrudishia teke kwenye unyayo. Kazi ngumu ya mbunifu ni kupata mahali pa katikati, na hiyo ndiyo sababu baiskeli mbili zenye milimita zilezile hupanda mlima kwa tabia tofauti kabisa.

Hii ya sasa ina milimita 130 tu, lakini ina bawaba nne kila upande, na mojawapo iko kwenye bomba la chini kati ya yale yanayolishika gurudumu la nyuma, mbele kidogo ya ekseli yake. Muundo huu hujulikana kwa jina la Horst Leitner, mhandisi mzaliwa wa Austria, na mwaka 1998 kampuni ya baiskeli ya Specialized ilinunua hataza zake, yaani haki za kumiliki uvumbuzi huo. Muda wa hataza hizo ulipokwisha, watengenezaji wengine wengi waliuchukua. Kuutambua hakuhitaji vipimo, bali inatosha kuchuchumaa nyuma ya baiskeli na kuangalia. Ikiwa bawaba ya nyuma kabisa iko kwenye bomba la juu, juu ya ekseli, basi kwa jinsi gurudumu linavyosafiri hiyo bado ni baiskeli ya bawaba moja, hata kama vyuma vingine vimeongezwa vya kuisukuma shokapu. Kwenye muundo wa Leitner gurudumu na breki hushikwa na kipande cha juu kinachoelea kati ya bawaba, kwa hiyo kufunga breki hakuikazi sana sehemu ya nyuma. Nimeliona hilo wazi kwenye mteremko wenye mizizi pembeni mwa msitu wa Pugu, ambako baiskeli ya kwanza ilirukaruka kila niliposhika breki, ilhali hii hufuata ardhi.

Hata hivyo, muundo mzuri hauna faida ikiwa shokapu haikupimwa kwa uzito wa mpandaji. Shokapu yangu husafiri milimita 50 ili gurudumu lipande 130, yaani kila milimita yake moja huwa 2.6 kwenye tairi. Nilivaa begi langu na maji, nikasukuma ile pete ndogo ya mpira hadi kwenye shingo ya shokapu, nikakaa taratibu huku nikiegemea ukuta, kisha nikashuka na kupima. Pete ilikuwa imesogea milimita 9, wakati nilitaka shokapu izame asilimia 30 ya safari yake kwa uzito wangu, yaani milimita 15. Nilipunguza upepo kutoka pauni 190 hadi 165 kwa inchi ya mraba kwa pampu maalumu ya shokapu, na baiskeli ikabadilika siku hiyohiyo.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu beringi zilizo ndani ya bawaba, ambazo muuzaji alinihakikishia kuwa ni nzima. Mwezi Mei, baada ya masika, nilisikia mlio wa kukwaruza nilipopanda mlima. Fundi wangu wa Temeke alipofungua bawaba kuu, grisi ilikuwa imegeuka uji wa kahawia na gololi zilikuwa na vidonda vya kutu. Beringi ya bawaba haizunguki kama ya gurudumu. Hucheza digrii chache tu, mbele na nyuma, hivyo grisi haisambai, na unyevu wenye chumvi wa pwani yetu hupata pa kukaa. Zilikuwa namba 6902, kipenyo cha ndani milimita 15, cha nje 28, unene 7, na tulizipata Gerezani zenye mpira pande zote mbili. Fundi hakugonga kwa nyundo. Alizivuta ndani taratibu kwa boliti ndefu na washa, ili nyumba yake ya alumini isipasuke.

Kwa anayezunguka kwenye lami au njia tambarare za Kigamboni, sioni sababu ya kubeba kilo za ziada na gharama hizi. Kwa Pugu na Kisarawe nitaendelea nayo. Anayekwenda kukagua nyingine kama hii aombe ruhusa ya kuitoa shokapu, boliti mbili tu, kisha aupandishe na kuushusha mkono wa nyuma kwa vidole: ukikwama au ukikwaruza, gharama ya beringi zote ipunguzwe kwenye bei palepale.