Mikoa ya ustawi ya Ufini: tiba imepata mwenyewe, kinga bado inagombewa

Tarehe 1 Januari 2023, Ufini iliziondolea manispaa zake, takriban 300, jukumu la afya, ustawi wa jamii na zimamoto, ikalikabidhi kwa mikoa 21 ya ustawi, huku Helsinki ikiachwa ijiendeshee na visiwa vya Åland vikibaki nje ya mpango huo. Kwa upande wa mgonjwa, mageuzi haya yanastahili sifa. Mzee aliyevunjika nyonga anapotoka hospitalini, muuguzi wa kumtembelea nyumbani na ofisa wa ustawi wa jamii wanatoka katika taasisi ile ile, chini ya baraza moja lililochaguliwa na wananchi, kwa hiyo hakuna ofisi mbili za kusukumiana gharama zake.

Kwenye fedha nina mashaka. Mkoa hauna mamlaka ya kutoza kodi. Sehemu kubwa kabisa ya mapato yake hutoka serikali kuu, kwa hesabu inayozingatia umri na maradhi ya wakazi. Hesabu hiyo ni ya haki, lakini mikoa mingi ilianza na nakisi, na baraza lisiloweza kukusanya hata senti (tuseme ukweli, hilo ni baraza la kugawa tu) huwa na kishawishi cha kupunguza kwanza kile ambacho hakuna atakayekilalamikia mwaka huu, yaani kinga.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba shule, viwanja vya michezo na mipango miji vimebaki kwa manispaa. Sheria inazitaka pande zote mbili zikuze afya, na fungu dogo la ruzuku hutolewa kwa kuangalia juhudi hizo. Hata hivyo, manispaa inayojenga njia ya baiskeli inalipa leo, ilhali kitanda kitakachobaki kitupu wodini miaka 20 baadaye ni akiba ya mkoa.

Ajabu ni kwamba njia ya kulitatua hili ilionyeshwa huko huko. Mwaka 1971 viongozi wa Karelia ya Kaskazini, eneo la mashariki mwa Ufini, waliochoka kuzika wanaume wenye umri wa kufanya kazi waliouawa na maradhi ya moyo, waliiomba serikali msaada, na mwaka 1972 ukaanza mradi ulioongozwa na daktari Pekka Puska. Mradi ulishughulika na siagi iliyopakwa nene kwenye mkate: akina mama wa Martha, chama cha wanawake cha maarifa ya nyumbani, walifundisha mapishi mapya, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakahimizwa kulima matunda ya beri. Katika miongo minne vifo vya wanaume wa umri huo kutokana na maradhi ya mishipa ya moyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa uratibu wa matibabu naipa mikoa hii nyota nne kati ya tano. Kwa kinga naipa mbili, hadi mkoa na manispaa zitakapochangia mfuko mmoja usioguswa wakati wa nakisi.